Aliyenitwisha Belo

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo nina madaftari mawili. La kwanza nimepewa na Ghada, binti mtaalamu wa utafiti, kule kwenye chumba cha kompyuta. Lina jalada la kijani na linataka namba tu: kila jioni niandike maumivu ya mgongo ni mangapi, sifuri mpaka kumi. La pili ni hili, la kwangu mwenyewe, nalificha chini ya godoro upande wa ukutani. Wao wana kompyuta ya kunikumbuka mimi. Na mimi nataka kitu cha kuwakumbuka wao.

Niandike kwanza lililotokea, kabla midomo ya watu haijalibadilisha. Mimi ni Abdulmajid, mbeba mizigo, miaka kumi na minne kwenye stoo ya mitumba ya Tarsis pale Mchikichini. Jumanne ya tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, nilijiinamisha mbele ya rundo la mabelo, yale marobota ya nguo yaliyokazwa kwa waya, gunia langu nimeshalikunja mgongoni. Nyuma yangu alikuwa Bakili. Bakili ndiye anayenitwisha, mwaka wa kumi na moja sasa: analivuta belo kutoka kwenye rundo, analishusha mgongoni kwangu, mimi naondoka nalo. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza siku zote, "Umeshika?" Akanijibu, "Nimeshika." Nikasema, "Lete." Belo la kilo arobaini na tano likaniangukia upande mmoja, na kiunoni nikasikia kitu kinachanika kama shuka kuukuu. Nililala pale sakafuni nikitazama viatu vya watu.

Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika. Baada ya hapo Tarsis akaniletea habari ya utafiti wa bure: kuna wataalamu wanatafuta wabeba mizigo walioumia, wanawapima kwa kompyuta, kisha wanawapangia mazoezi ya kuwarudisha kazini. Tarsis hajawahi kuniletea hata maji ya kunywa. Kwa nini aniletee hili? Akamalizia kwamba makontena makubwa yanaingia mwisho wa Mei. Nikiwa nimepona, nafasi yangu ipo. Nisipopona ataweka mtu mwingine, na tusilaumiane.

Leo funga ya pili. Kwenye daftari la kijani nimeandika maumivu ni manne. Ukweli ni saba.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ndogo alfajiri. Kijani: nne. Ukweli: saba.

Alhamisi, 6 Machi

Nilivaa shati la Ijumaa na viatu vya kamba kwenda kupimwa, kumbe ni vya kuvuliwa mlangoni. Nikabaki na kaptula kwenye chumba chenye kamera nane. Kwa kuwa ni mwezi wa Ramadhani, Ghada alimwita mwenzake mwanamume anibandike vigololi vinavyong'aa, kwenye mabega, kiunoni, magotini, hadi visiginoni. Sakafuni wamefukia sahani ya chuma inayopima mtu anavyokanyaga. Ghada mwenyewe alikaa mezani, amejitanda mtandio wa kijivu, mpole, hanyanyui sauti. Watu wapole siku hizi nawaangalia mara mbili.

Kwenye kioo cha kompyuta akatokea mtu asiye na nyama. Mifupa mitupu, juu yake nyuzi nyuzi za misuli. Nikanyanyua mkono, naye akanyanyua. Nikakohoa, akatikisika.

"Huyo ndiye wewe, mzee wangu," Ghada akasema.

"Hiyo picha mmenipiga saa ngapi?"

"Sio picha, ni hesabu. Hatuwezi kuingia ndani ya mwili wako tukapima kila msuli unavuta kiasi gani. Kwa hiyo kompyuta inachukua unavyotembea na unavyokanyaga, halafu inakisia."

"Inakisia?"

"Inakisia kwa akili."

Hiyo nimeiweka akiba. Inakisia.

Akaniambia ninyanyue sanduku kutoka sakafuni, mara kumi. Nikanyanyua kama alivyoniambia, kwa adabu, mgongo umenyooka kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Wakati navaa nikamuuliza yeye ni binti wa nani. Akasema wa Hamud, mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Hamud namjua, nimeshabeba majora yake. Na Hamud na Tarsis wako chama kimoja cha wafanyabiashara, wanakaa kikao kimoja, wanacheka pamoja. Nikashuka ngazi taratibu nikilitafakari hilo.

Nadhani Tarsis anataka karatasi. Karatasi inayosema mgongo wa Abdulmajid umeharibika wenyewe, belo halimo.

Jumapili, 9 Machi

Bakili amekuja kufuturu. Ameleta bakuli la matobosha ya futari, amelikumbatia kwa mkono wa kushoto. Nilimnyooshea mkono, hakuupokea. Aliweka wa kwake kifuani akainamisha kichwa kama ananisalimia msikitini. Miaka kumi na moja mtu ananipa mkono, leo hanipi. Alikaa kidogo, akasema kazini wanamsumbua, akaondoka kabla ya Isha.

Mke wangu Siti akasema, "Baba Arwa, mwenzio kakonda."

Kakonda kweli. Dhamiri nayo inakondesha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Kijani: nne. Ukweli: saba.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu. Ghada amenionyesha mifupa yangu ikinyanyua lile sanduku. Ikiinama, misuli ya kiunoni inageuka myekundu. Akasema hapo ndipo ninapoumia, kwenye kunyanyua kutoka chini, kwa sababu mapaja yangu hayafanyi kazi yao na mgongo unabeba peke yake. Amenipa mazoezi: kuchuchumaa, kunyanyua ndoo ya mchanga kutoka sakafuni, kila siku ya pili, baada ya futari.

Sasa mimi najiuliza. Nani ananyanyua belo kutoka chini? Mimi sijawahi. Mimi najiinamisha, natwishwa, natembea. Kompyuta nzima, kamera nane, na haijui kazi yangu. Ama haijui, ama haitaki kujua. Sikusema kitu. Sijaulizwa, na mimi si wa kwenda kuwafundisha watu waliosoma.

Alhamisi, 20 Machi

Masika yameingia kweli. Magomeni maji yamejaa uchochoro mzima, naruka matofali kwenda msalani na kila nikiruka kiuno kinaniita jina langu lote. Nanyanyua ndoo ya mchanga uani. Jirani ameuliza kama najenga.

Kijani nimeandika tatu. Nataka waone napona, Tarsis asipate kisingizio. Ukweli ni sita.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeliona gari la Tarsis limesimama mbele ya jengo la kompyuta. Lile lile, lenye mkwaruzo mlangoni. Nilisimama ng'ambo ya barabara chini ya turubai la muuza viatu, mvua inanichapa miguu, mpaka akatoka. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza shughuli. Hakuniona.

Nilipanda juu dakika kumi baadaye. Ghada akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba na nikangoja aniambie nani ametoka hapo. Hakusema. Nikafanya mazoezi yote bila kufungua mdomo. Nilikuwa na hasira mpaka nakosea hesabu, na yeye akaandika kwamba leo nimechoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau nyumbani kwangu, Bakili na watu wake wamekuja. Sinia moja, wanaume tumekaa chini. Bakili akaomba kijiko. Siku ya Idd, kwenye sinia, mtu mzima anaomba kijiko. Akasema kidole kimechomwa na waya wa belo. Nilikitazama kidole hicho sikuona jeraha.

Wasiotaka kuchanganya mikono na wewe kwenye sinia wana sababu. Nimemwambia Siti. Siti amesema nimekuwa mtu wa kuhesabu tonge za wageni, na amekasirika kabisa, hakunisemesha mpaka jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kijani: tatu. Ukweli: sita.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo tumetifuana.

Ghada alifungua daftari la kijani akaliweka mezani pembeni ya kioo. Akasema, "Mzee wangu, hapa umeandika maumivu matatu. Lakini ukitembea unaukwepa mguu wa kulia, na ukikaa unashika meza. Sahani ya chini inasema kitu kingine na daftari linasema kingine. Nani ananidanganya?"

Nikamwambia, "Na wewe nani kakutuma?"

Akakunja uso. Nikaona bora niseme yote. Nikamwambia kompyuta yake ni ya uongo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi sijanyanyua belo kutoka chini hata siku moja katika maisha yangu.

Akauliza, polepole, "Sasa belo linafikaje mgongoni?"

"Natwishwa."

"Na nani?"

"Na mwenzangu. Bakili. Anasimama nyuma yangu, analivuta kwenye rundo, analishusha. Rundo likiisha, yeye ndiye analitoa chini. Mimi kazi yangu ni kupokea na kutembea."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Akajiegemeza kwenye kiti akafunika macho kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, tena si kicheko cha furaha. Akasema amekaa mwezi mzima anatengeneza mtu ambaye hayupo. Akasema kwenye vitabu vyao mtu ananyanyua mzigo peke yake, na yeye aliyezaliwa Kariakoo, aliyekua anawaona wabeba mizigo dirishani kwao, hakukumbuka hata mara moja kwamba wako wawili.

"Nisamehe," akasema. "Mazoezi ya ndoo endelea nayo, hayadhuru. Lakini mlete huyo Bakili. Nataka kuona mzigo unavyokufikia."

Sikutegemea kuombwa msamaha. Bado sijaamua kama ni ujanja.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia Bakili aje kupimwa. Amesema ana kazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Amesema mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumesali msikiti mmoja. Baada ya salamu nimegeuka, hayupo. Jamaa mmoja wa pale stoo ananiambia siku hizi Bakili anabeba, hatwishi tena, amejiweka kwenye nafasi yangu. Kumbe. Sasa ninaanza kuona.

Jumatatu, 14 Aprili

Siti ameenda mwenyewe kwa mkewe Bakili. Sijui waliongea nini. Bakili atakuja kesho.

Jumanne, 15 Aprili

Niandike yote, hata kama mkono unauma.

Bakili alikuja amechelewa, amelowa. Ghada akampa karatasi ya kukubali kupimwa asaini. Bakili ana mwandiko mzuri kuliko wote pale stoo, yeye ndiye anayeandika majina juu ya mabelo kwa kalamu ya wino mzito. Leo akaomba wino wa dole gumba. Nikajisemea moyoni, mtu huyu hataki kuacha mwandiko wake kwenye jambo hili.

Tukabandikwa vigololi wote wawili. Walikuwa wametengeneza belo dogo, nusu ya uzito, wameliweka juu ya meza kama rundo. Nikajiinamisha. Mgongo ulikuwa umekaza kabla hata hajaligusa. Nikauliza, "Umeshika?"

"Nimeshika."

"Lete."

Likaniangukia upande. Upande ule ule. Kwa sababu lilikuwa jepesi nilijizuia, lakini jasho lilinitoka kichwa kizima. Ghada akasema turudie. Mara tatu, na mara zote tatu vile vile.

Kisha akaniita kwenye kioo peke yangu. Akanionyesha mifupa yangu imeinama inangoja. Mzigo aliuchora kama sanduku la bluu. Akaupeleka taratibu, kidogo kidogo, na nikaona kwa macho yangu: kona ya kulia inanifikia kwanza, ya kushoto bado iko juu. Uti wa mgongo unapinda kama mtu anayegeuka kuitwa, na upande mmoja wa kiuno unawaka mwekundu kuliko siku zote.

"Hapa ndipo ulipoumia," akasema. "Si uzito. Umekuja upande mmoja na mgongo haukuwa tayari."

"Kwa nini unakuja upande mmoja?"

"Nakuonyesha mwili wako tu. Wa mwenzako ni wake."

Hakuwa na haja ya kunionyesha. Bakili anasimama nyuma yangu, tunatazama upande mmoja. Kulia kwangu ni mkono wake wa kulia. Mkono wa kulia uliachia. Uliachia Februari na umeachia leo, mbele ya kamera nane, na mdomo unasema nimeshika.

Nilingoja kwenye ngazi. Ghada alibaki naye ndani karibu nusu saa. Bakili alipotoka alinipita bila kunitazama, anashika ukuta kwa mkono wa kushoto.

Miaka kumi na moja. Mtoto wake wa kwanza nilimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Nilimpa Bakili mgongo wangu kila siku ya kazi, na mgongo mtu hampi kila mtu. Nimelia leo, niseme tu. Siti alinikuta nimekaa uani kwenye mvua na ndoo ya mchanga miguuni.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemkuta Bakili Mchikichini nyuma ya stoo, amesimama chini ya bati.

"Uliniachia," nikamwambia.

"Nilishika."

"Kompyuta imeonyesha. Upande wa kulia uliniangukia kwanza."

"Kompyuta ilikuwepo Februari?"

"Jana ilikuwepo. Na jana umeniachia tena."

Maji yanamdondokea begani na yeye hasogei. Akasema, "Kama unaamini nilitaka kukuvunja ili nichukue nafasi yako, nenda kamwambie Tarsis. Mimi sina la kuongeza."

Nikaondoka. Mtu asiye na hatia huwa ana la kuongeza.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Ghada amebadilisha mazoezi: nasimama chini ya mfuko wa mchanga unaoning'inia, naupokea begani taratibu. Ndoo bado naendelea nayo, sasa ni ndoo mbili.

Ijumaa, 25 Aprili

Kijani: tatu. Ukweli: tatu. Ni mara ya kwanza yamelingana, na nimekaa nikiyatazama.

Jumanne, 29 Aprili

Nina nguvu kwenye mapaja kama nilivyokuwa kijana. Ila mfuko ukinishtukiza tu, kiuno kinafunga kama kufuli.

Jumamosi, 3 Mei

Jumatatu nakwenda kwa Tarsis kumweleza kwamba Bakili aliniachia belo kwa makusudi. Bakili atafukuzwa siku hiyo hiyo, Tarsis hana subira na ugomvi wa stoo. Ili nisibabaike nimelitoa daftari hili chini ya godoro nikusanye ushahidi, nimekaa nalo tangu baada ya Adhuhuri.

Nikaandika kwenye karatasi pembeni. Tisa Machi: hakunipa mkono, bakuli kalikumbatia kwa kushoto. Thelathini na moja Machi: Idd, kaomba kijiko, kidole hakina jeraha. Kumi na tano Aprili: kakataa kuandika, kaweka dole gumba. Siku hiyo hiyo: kashuka ngazi anashika ukuta kwa kushoto. Kaacha kutwisha, siku hizi anabeba.

Niliisoma ile karatasi kwa sauti, kama nitakavyoisoma mbele ya Tarsis. Nikafika kwenye kijiko nikasimama.

Nikaisoma tena kutoka juu.

Yote yale ni mkono mmoja. Mkono wa kulia haukunisalimia, haukula pilau, haukushika kalamu, haukushika belo. Nimekaa miezi miwili nausoma moyo wa mtu, na jambo lenyewe lilikuwa kwenye mkono wake, mbele ya macho yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikamwita Siti. Nikamuuliza mke wa Bakili alimwambia nini siku ile.

"Aliniapisha nisiseme," Siti akasema. "Ila nilikwambia kakonda. Nilikwambia unahesabu tonge. Ulitaka nikuchoree?"

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kwa Bakili asubuhi. Alikuwa anatengeneza bati la jiko. Nikasema, "Nipe mkono."

Akaweka kifuani. Nikasema, "Bakili. Nipe mkono."

Akanipa. Nikaukaza. Wake haukukaza. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjwa, na nyama ya kiganja imekwenda. Nilimminya kwa ukucha kidole kidogo, hakushtuka.

"Tangu lini?"

"Desemba. Ulianza kufa ganzi. Nikadhani nimeulalia."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema natwisha nani? Tarsis angeniweka nje siku ile ile, unamjua." Akavuta mkono wake taratibu. "Sikiliza, Majidi. Sikukudanganya. Uliniuliza nimeshika, nikatazama, vidole viko kwenye belo, nikasema nimeshika. Ninachoshika sikisikii. Mpaka leo nikishika kitu inabidi nikitazame."

"Na kule kwa Ghada?"

"Nilitaka nijue. Nilisema labda ile Februari ni bahati mbaya. Alipotuambia turudie mara ya tatu nikajua ni mimi." Akawa anatazama bati. "Aliniambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, niende hospitali. Nikamwomba asikwambie. Nilikuvunja mimi, kaka. Sikujua nikwambieje."

Nilikuwa nimebeba ile karatasi ya ushahidi mfukoni. Nilimwonyesha, kwa sababu nimechoka na vitu vya kufichwa. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema mwandiko wangu mbaya. Aibu niliyoisikia sitaimaliza kwa kuandika.

Alhamisi, 8 Mei

Tumekwenda wote wawili kwa Ghada, tukamwambia kila mmoja ameruhusu mwili wake uonyeshwe mwenzake. Akaweka watu wawili wa mifupa kwenye kioo, mmoja nyuma ya mwingine. Ilikuwa kichekesho kidogo, Bakili akauliza mwenye kitambi ni yupi.

Mgongo wa Bakili ni mzima. Belo likimkalia pande zote sawa, hakuna panapowaka. Mkono ndio umegoma, na hospitali wameshampa tarehe. Mimi ni kinyume chake. Mzigo ukinijia kutoka juu kiuno bado kinawaka mwekundu, na Ghada amesema hawezi kuniruhusu kubeba mwezi huu wala ujao. Lakini nikinyanyua mwenyewe kutoka chini, mapaja yanafanya kazi yao na kiuno kinatulia.

"Yale mazoezi ya ndoo," akasema, "nilimpangia mtu ambaye hayupo. Kumbe nilikuwa nampangia anayetwisha."

Nikaelewa anakokwenda nisitake kufika. Pale stoo kutwisha ni kazi ya aliyechoka. Mimi nimebeba miaka kumi na minne, watu wanasogea nikipita. Nikamwambia nitafikiri. Bakili alikuwa anautazama mkono wake mezani.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zinapungua. Bado nafikiri.

Jumanne, 27 Mei

Makontena yameingia, nami nimeshaamua. Nimekwenda kumwambia Tarsis kwamba kesho narudi, natwisha, na Bakili anabeba mabelo madogo tu mpaka mkono wake utibiwe. Mkono nao nimeutaja, Bakili aliniruhusu.

Tarsis alijikuna kidevu. "Mzigo unatoka?"

"Unatoka, Mangi," nikamjibu kwa jina la Kichaga tunalomwitia bosi.

"Basi pangeni wenyewe." Halafu akasema, "Yule binti wa Hamud ni mgumu. Nilimfuata mpaka kazini kwake Machi nikaomba ripoti yako, nijue unarudi au hurudi. Akaniambia mwili wa mtu si ankara. Hakunipa hata karatasi moja."

Nimerudi nyumbani nikasoma nilivyomwandika Ghada. Kurasa zile sitazifuta. Ngoja zikae zinisute.

Jumatano, 28 Mei

Saa mbili asubuhi, manyunyu juu ya bati. Nilimpa Bakili gunia langu la mgongoni, lile la siku zote, nikalikunja mwenyewe na kumwekea. Wenzetu walisimama kutazama, mmoja akaniita babu. Nilimwacha.

Nikachuchumaa kama kwenye ndoo, nikalitoa belo chini, nikalipandisha kifuani. Mapaja yakakubali. Bakili akajiinamisha mbele yangu.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Hakusema lete. Nikaona visigino vyake vimenyanyuka kidogo, miguu imekaa tayari kukwepa. Nimekaa hivyo masika mazima, naijua miguu ya mtu asiyeamini. Na ana haki. Mtu niliyemwandikia karatasi ya kumfukuzisha leo nimesimama nyuma yake na kilo arobaini na tano.

"Umeshika kweli?"

"Nimeshika."

Mikono ikaanza kuniwaka. Tarsis akauliza kwa mbali tunangoja nini. Bakili akauliza mara ya tatu, kwa sauti ndogo, na nikamjibu mara ya tatu kama vile ndiyo ya kwanza.

Visigino vikashuka. "Lete," akasema.

Nikalishusha pande zote mbili kwa wakati mmoja, na sikutoa mikono mpaka alipopiga hatua ya pili.

Kijani: mbili. Hapa: mbili.